Barua ya wazi: Fundi na sheria vitangulie, mitambo ya upepo na jua ifuate

Faza, Kisiwa cha Pate,
Kaunti ya Lamu.

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu,
Kwa Waheshimiwa Wawakilishi Wadi wa Bunge la Kaunti ya Lamu,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kawi na Petroli,
Kwa wakuu wa mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, na wa shirika la umeme vijijini na kawi jadidifu, REREC,
Kwa Waheshimiwa Magavana wa Jumuiya ya Kaunti za Pwani.

KUH: ELIMU NA SHERIA ZA KAWI YA UPEPO NA JUA, LAMU NA PWANI NZIMA

Waheshimiwa,

Assalamu alaikum. Nawaandikia nikiwa mwalimu mstaafu wa sayansi, niliyesomesha katika shule za Kisiwa cha Pate kwa zaidi ya miaka 30, na mtoto wa nahodha aliyenifundisha kuusoma upepo kabla sijajua kusoma kitabu. Nimeona afadhali barua hii iwe ya wazi, kwa sababu jambo lenyewe haliko mikononi mwa ofisi moja, na kwa sababu nataka majirani zangu nao waisome na wanisahihishe pale nitakapokuwa nimewasemea visivyo.

Miaka michache iliyopita kijiji kimoja cha kisiwani kwetu kilijengewa chumba cha barafu cha kuendeshwa kwa jua. Paneli zilipandishwa juu ya paa la mabati, betri zikapangwa kwenye rafu ya chuma, friza tatu kubwa zikaingizwa, na siku ya ufunguzi tulikula pilau na kusikiliza hotuba. Chumba kilifanya kazi, tena vizuri. Sitaki mtu yeyote adhani kwamba jua halikutufaa. Mvuvi aliyekuwa akilazimika kuuza samaki wake asubuhi ile ile kwa bei aliyoitaka tajiri, kwa kuwa jua likipanda samaki huharibika, sasa aliweza kumweka mpaka siku ya pili na kungojea bei ya haki. Kina mama wanaokaanga samaki walipata kununua kidogo kidogo kadiri ya mfuko. Hali iliendelea hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, mpaka asubuhi moja ya kaskazi, wakati mashua zinarudi zimejaa, tukakuta friza zimenyamaza na maji yanachuruzika chini ya mlango.

Niliitwa kwa kuwa nimesomesha umeme darasani. Nilipofungua kile kisanduku kinachoongoza chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri, nilikuta ncha moja ya waya imevaa unga wa kijani, ule unga ambao shaba huutoa ikikaa na hewa ya chumvi, na chini ya unga ule waya wenyewe umelika, zimebaki nyuzi mbili tatu nyembamba kama za mshono. Kilichotakiwa ni kuikata ncha ile, kuuchuna waya upya, kuubana kwa kichwa kipya na kuupaka grisi. Ni kazi ya nusu saa. Lakini mkataba ulisema asiguse mtu ila fundi wa kampuni iliyofunga mitambo, na fundi huyo alikuwa mbali, na simu zetu zilijibiwa kwa ahadi. Alifika baada ya miezi minne. Betri zile zilikuwa za risasi na tindikali, na betri ya namna hiyo ikiachwa tupu kwa muda mrefu hufanya magamba ndani yake na kufa, wala haifufuki. Fundi aliutengeneza waya, akazipima betri moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa, akapanda boti akarudi alikotoka. Samaki wa msimu ule waliuzwa kama zamani, kwa bei ya tajiri, na waliobaki walitupwa. Kamati ilipovunjika, ufunguo wa chumba kile ulikabidhiwa mimi, na ninao hadi leo.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake mna kila ninachotaka kuwaambia. Kawi ya upepo na jua haitakua Lamu, wala popote pale Pwani, kwa kuhesabu paneli zilizofungwa na minara iliyosimamishwa. Itakua ikiwa kila mtambo utamkuta mtu wa hapa hapa anayejua kuutunza, na sheria inayosema wazi mtambo ni wa nani, nani ana ruhusa ya kuufungua, na nani anawajibika unapolala. Naomba haya mawili, elimu na sheria, yatangulie. Na kama hayawezi kutangulia, basi yafike siku moja na mitambo yenyewe, katika boti moja.

Najua wako wanaotuona sisi watu wa Lamu kuwa ni watu wa kukataa, kwa ajili ya kesi ya makaa ya mawe. Kiwanda cha megawati 1,050 kilikusudiwa kujengwa Kwasasi, katika nchi ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake tayari unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni yake, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ilitupilia mbali rufaa ya wenye mradi. Nawasihi muisome tena hukumu ile ya 2019, kwa maana msingi wake mkubwa ulikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Watu walipelekewa uamuzi uliokwisha kufanywa, pamoja na ripoti nene ya kitaalamu iliyoandikwa kwa Kiingereza, ambayo mvuvi hangeweza kuisoma hata angepewa mwaka mzima. Hukumu ile haihusu makaa ya mawe peke yake. Mradi wa upepo utakaoletwa kwa njia ile ile utakutana na watu wale wale na mahakama ile ile, na safari hiyo itakuwa hasara ya kitu tunachokitaka.

Na tunakitaka kweli. Babangu aliugawa mwaka kwa pepo: kaskazi, kisha tanga mbili pale upepo unapogeuka geuka, kisha kusi, kisha demani bahari inapoanza kutulia. Alijua siku ya kushusha chombo majini na siku ya kukivuta pwani, na hakuwahi kushika kipima upepo. Nilipokuja kusomesha, niligundua kwamba kanuni ambayo wanafunzi walikuwa wakiikariri bila kuielewa, yaani kwamba nguvu iliyomo katika upepo huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi yake, mtoto wa nahodha huielewa mara moja. Upepo wa mita 8 kwa sekunde una nguvu mara nane ya upepo wa mita 4, wala si mara mbili. Ndiyo sababu baharini upepo ukizidi kidogo tu tanga hupunguzwa mara moja, na ndiyo sababu vilevile mahali pa kusimamisha mnara hapachaguliwi kwa kukisia, kwa kuwa tofauti ndogo ya kasi kati ya kilima kimoja na kingine ni tofauti kubwa ya umeme.

Kuna jambo jingine ambalo mpangaji aliyeko Nairobi hawezi kuliona kwenye karatasi. Kusi inapovuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, ndipo mawingu na mvua za masika zinapotupunguzia jua, hasa mwezi wa Mei. Kaskazi inapofika, jua huwa kali siku baada ya siku, bahari ya nje hupitika, na ndiyo miezi ya samaki wengi na ya haja kubwa ya barafu. Kwa hiyo jua hutupa umeme mwingi wakati ule ule tunapohitaji barafu, na upepo wa kusi hushika zamu jua linaposinzia. Mtambo unaochanganya viwili hivi, pamoja na betri za kuvukia usiku, unaufaa mwaka wa Lamu kuliko mtambo wowote unaosubiri mafuta. Dizeli ya kuendeshea jenereta kisiwani kwetu huvuka bahari kwa chombo, na kila lita inayovuka inaongeza gharama kabla haijawasha taa hata moja.

Sasa niseme juu ya elimu, ambayo ndiyo kazi yangu ya maisha.

Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijiji. Jedwali hilo hilo limezipa kaunti jukumu la kupanga usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi katika eneo lao. Mambo mawili yamewekwa katika mkono mmoja, Mheshimiwa Gavana, na mkono huo ni wako. Hakuna haja ya kungojea mtu mwingine kufungua darasa la ufundi wa sola na upepo katika chuo cha kijiji, upande wa visiwani na upande wa bara, Mpeketoni, Witu au Hindi. Darasa hilo lisiwe la ubao peke yake. Liwe na paneli za kufunguliwa na kufungwa, inveta zilizoharibika (vile vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) za kuchunguzwa, mnara mfupi wenye pangaboi ndogo ya upepo ambayo mwanafunzi ataipandisha na kuishusha mwenyewe, na zaidi ya yote liwe na somo la chumvi. Vitabu vingi vya ufundi wa sola vimeandikwa na watu wasioishi ufuoni. Havisemi jinsi skrubu ya kawaida inavyooza katika msimu mmoja, wala jinsi ukungu wa bahari unavyoufunika uso wa paneli mpaka umeme upungue bila mtu kujua sababu. Kijana wa Kizingitini atakayejifunza kuosha paneli kwa maji baridi yasiyo ya chumvi alfajiri, kabla kioo hakijapata moto, na kukagua ncha za waya kila mwezi, atakuwa amejifunza kitu ambacho fundi wa kutoka mbali hakijui.

Sheria ipo pia kwa upande huu. Tangu kanuni za mwaka 2012, anayefunga mitambo ya sola Kenya anatakiwa kuwa na leseni ya daraja lake. Kanuni hizo ni nzuri, kwa maana kazi mbovu ya waya huchoma nyumba, na kwetu kuna nyumba za makuti zilizokaribiana ambapo moto wa moja ni moto wa mtaa. Lakini leseni isipoambatana na mafunzo ya karibu, huwa ukuta wa kumzuia kijana wa kisiwani na mlango wa kumwingiza mgeni. Naiomba EPRA ilete mtihani wa leseni Amu, yaani mji wa Lamu, angalau mara mbili kwa mwaka, na iruhusu sehemu ya maandishi ifanywe kwa Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Fundi hapimwi kwa Kiingereza chake. Hupimwa kwa jinsi anavyoshika koleo.

Hatuanzi kutoka patupu. Matondoni pamejengwa majahazi vizazi kwa vizazi, na aliyeyajenga hakutoka chuoni na cheti. Alikaa chini ya fundi, akaanza kwa kushika msumari, akaendelea kwa kukalafati, akamaliza kwa kupima kwa jicho. Siyu palisifika kwa kazi ya ngozi na ya chuma kwa njia hiyo hiyo. Utaratibu wa mwanagenzi tunao tayari, na unaheshimika hata na wazee ambao hawaiamini shule. Kaunti ikilipa posho ndogo kwa vijana wawili katika kila wadi ili wamfuate fundi mwenye leseni kwa mwaka mmoja, na ikaweka sharti kwamba kila mkandarasi anayefunga mtambo wa umma Lamu achukue wanagenzi wa hapa na kuwaachia vifaa na michoro, baada ya miaka mitatu hatutahitaji kupiga simu mbali kwa ajili ya ncha ya waya. Nawaomba msiwasahau wasichana. Katika madarasa yangu waliokuwa wepesi zaidi wa kusoma mchoro wa saketi walikuwa wasichana, na ndio wanaobaki kisiwani wakati wavulana wamekwenda baharini au Mombasa.

Watu wazima nao wana haki ya kufundishwa. Mtu anayenunua sola ya nyumbani kwa mkopo wa kila siku anastahili kujua kwamba betri ya risasi haipendi kumalizwa, kwamba ikifika nusu ni bora kuzima televisheni kuliko kuiua betri, na kwamba betri iliyokufa ina risasi ndani yake, haitupwi pwani wala haivunjwi mbele ya watoto. Maneno haya hayahitaji semina ya hoteli. Yanasemeka barazani baada ya sala ya alasiri, yanasemeka kwenye redio, yanasemeka katika mkutano wa kina mama wa chama, mradi atakayeyasema awe anayajua.

Shuleni, mtaala mpya umetupa nafasi ambayo sisi wa zamani hatukuwa nayo, kwa kuwa sekondari msingi ina somo la ufundi wa awali na sayansi inayotaka mwanafunzi afanye kwa mikono. Naiomba idara ya elimu izipe shule za visiwani kipima upepo na kipima jua, vifaa visivyo na gharama kubwa, ili watoto wa Faza, Pate na Kiwayuu waandike kila siku kasi ya upepo na ukali wa jua. Baada ya miaka miwili kaunti itakuwa na daftari lake lenyewe la upepo, lililoandikwa na watoto wake, na mwekezaji atakayekuja na hesabu zake atakuta na sisi tuna zetu.

Upande wa sheria nitaanza na ardhi, kwa sababu ndipo miradi ya upepo ya nchi hii ilipokwama. Kinangop ulikusudiwa mradi wa megawati 60, ukaachwa mwaka 2016 baada ya mzozo wa ardhi na wenyeji. Kwetu hapa, mradi wa megawati 90 uliopangwa Baharini, karibu na Mpeketoni, umetumbukia katika mivutano ya ardhi na kesi, na hakuna pangaboi hata moja iliyozunguka. Ule wa Ziwa Turkana ulifaulu kusimama, mitambo 365 yenye megawati 310, na ni fahari ya Kenya. Hata hivyo mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi zilipatikana bila kufuata sheria. Tena mitambo ile ilikaa zaidi ya mwaka mmoja imekwisha kujengwa huku njia ya kuupeleka umeme Suswa haijakamilika, na mlipa kodi akalipia umeme ambao haukumfikia. Mambo yote haya yaliwezekana kuonekana mapema. Lamu kuna familia zinazolima shamba moja kwa vizazi bila hati, na kuna jamii za Waboni na Wasanye ambazo ardhi yao ni msitu na njia za kuwindia na kurina asali. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikitekelezwa kwanza, jamii ziandikishwe na mipaka itambuliwe, mwenye kuleta mitambo atajua anazungumza na nani. Ikiachwa nyuma, atazungumza na dalali.

Jambo la pili ni fungu la wenyeji. Sheria ya Kawi ya 2019 imeweka mrabaha, yaani malipo ya kutumia rasilimali, kwa mvuke wa ardhini, na ikasema ugawanywe: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Kwa upepo na jua hakuna fungu kama hilo. Mtu wa Olkaria, panapochimbwa mvuke, na mtu wa Baharini wote ni Wakenya, na sioni sababu kwa nini mvuke uwe na mwenyewe na upepo usiwe naye. Nawaomba Waheshimiwa Wabunge na Waziri waijaze nafasi hiyo kwa mradi mkubwa wa kuuza umeme kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, na sehemu ya jamii iingie katika mfuko unaosimamiwa na watu waliochaguliwa, hesabu zake zikibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chifu. Wavuvi wa Lamu waliopoteza maeneo yao kwa bandari ya Lamu, sehemu ya mradi wa LAPSSET wa bandari, barabara na reli, walihitaji kwenda mahakamani, na ni mwaka 2018 ndipo Mahakama Kuu iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Kinachoandikwa mapema katika sheria hakihitaji kuombwa baadaye kwa mawakili.

Sheria hiyo hiyo ya 2019 inamruhusu mwenye nyumba au hoteli anayezalisha umeme wake, ikiwa mtambo hauzidi megawati moja, kurudisha ziada kwenye gridi na kupunguziwa deni lake. Shela na Amu zina hoteli nyingi zenye madari mapana yanayochomwa na jua kutwa. Hapo sina budi kusimama kidogo, kwa kuwa Mji wa Kale wa Amu ni urithi wa dunia tangu 2001, na hakuna anayependa kuona madari yake yamegeuka uwanja wa vioo vinavyometameta hadi baharini. Lakini katazo la jumla pia si jibu. Inawezekana paneli zikawekwa nyuma ya ukingo wa dari zisionekane kutoka barabara ya pwani, waya zikapitishwa bila kuchimba kuta za matumbawe, na nyumba zisizofaa zikaunganishwa na uwanja wa paneli ulioko nje ya mji. Bunge la Kaunti likae na Makavazi ya Kitaifa waandike kanuni ya kurasa chache, kwa Kiswahili, yenye michoro. Kwa sasa kila mwenye nyumba anaamua peke yake, na kila fundi anatoboa anapotaka.

Kuhusu kodi nitasema kwa ufupi. Mwaka 2020 vifaa vya sola vilitozwa kodi ya ziada ya thamani, na mwaka 2021 msamaha ukarudishwa. Mfanyabiashara mdogo wa Mokowe aliyeagiza paneli katikati ya mageuzi hayo aliumia. Bei ikipanda na kushuka kwa sheria ya kila Juni, hakuna anayethubutu kufungua duka la vipuri, na pasipo duka la vipuri hakuna matengenezo. Naomba msamaha huo uwekewe muda maalumu, angalau miaka kumi.

Mradi wa taifa wa kupeleka sola nje ya gridi, KOSAP, ulipangwa kugusa kaunti 14, na tano kati yake ni zetu za Pwani: Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Mombasa ni ya sita katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani, nayo ina bandari na vyuo. Kwa nini basi kila kaunti ihangaike peke yake? Waheshimiwa Magavana, mnaweza kuwa na ghala moja la vipuri, mtaala mmoja wa mafundi, na leseni ya fundi wa Lamu ikatambuliwa katika zabuni ya Kwale bila masharti mapya. Langobaya, upande wa Malindi, kuna uwanja wa sola uliowashwa mwaka 2021, wenye paneli za megawati 52. Mwanafunzi wa Pate hajauona. Ikiwa mkataba wa uwanja kama ule utamtaka mwenye mradi apokee wanafunzi wa Pwani kila muhula na kuwaonyesha jinsi inveta kubwa zinavyofanya kazi, tutakuwa na shule ambayo hakuna kaunti ingeweza kuijenga kwa bajeti yake.

Sheria ya Kawi inaitaka kila kaunti kutayarisha mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri. Ombi langu la mwisho, Mheshimiwa Gavana, ni kwamba mpango wa Lamu usomwe barazani, kwa Kiswahili, katika kila wadi, kabla ya kaskazi kufunguka na wavuvi kutawanyika. Uje na ramani, uje na mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu, na ndani yake pawe na kifungu cha bajeti ya matengenezo kwa kila mtambo wa umma, pamoja na jina la cheo cha anayewajibika ukilala. Ndege wanaohama kupitia delta ya Tana na fukwe zetu nao waandikwe humo, ili minara isisimamishwe njiani mwao kwa kutojua. Watakaopinga wasikilizwe papo hapo, kabla mkataba haujatiwa saini.

Anayetaka kuanzia mahali padogo aanzie kwenye kile chumba cha barafu. Paneli zake zingali juu ya paa, na nilipozipima mara ya mwisho zilikuwa bado zinatoa umeme. Friza ni nzima. Zinatakiwa betri mpya, waya za kuvumilia chumvi, na vijana wawili wa kufundishwa. Mgeni akishuka bandarini Faza aulize nyumba ya mwalimu. Nitakuja na ufunguo.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu mstaafu wa sayansi,
Faza, Kisiwa cha Pate.